Baba, leo wewe ndiye farasi

Hapa Tukuyu wengi tunamwona farasi kwenye TV tu. Uingereza wana chama cha kuwapandisha farasi wenye ulemavu tangu 1969. Mtoto mwenye utindio wa ubongo anapewa mpira autumbukize ndooni huku farasi akitembea polepole. Yeye anaona mchezo; kumbe mgongo na kiuno vinajifunza kujishikilia.

Nina marafiki, mtu na mkewe, mtoto wao ana hali hiyo. Mazoezi yote ni ya mama. Baba eti "sijui nimshikeje". Jamani, kaka! Mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakuonyesha. Kisha mpakate pajani, mtikise taratibu, mama ashike ndoo, mpira fungeni wa majani makavu ya migomba. Akikosa, arudie. Akipata, shangilieni hadi majirani wachungulie, hata kwenye mvua yetu hii.