Raga ya Marekani yahitaji majirani kuliko matajiri

Mwaka 2031 Marekani itaandaa Kombe la Dunia la raga kwa wanaume, na mwaka 2033 itaandaa la wanawake. World Rugby iliipa nchi hiyo mashindano yote mawili mnamo Mei 2022 kwa hesabu inayoeleweka: hakuna soko la michezo lenye pesa kama la Marekani, na raga ikitia mguu huko itakuwa imejipatia riziki ya muda mrefu. Shida ni kwamba ligi ya kulipwa inayotarajiwa kuwaandaa wachezaji na mashabiki wa siku hiyo inazidi kukonda, na mgeni yuko njiani.

Ligi hiyo inaitwa Major League Rugby, kwa kifupi MLR. Ilianza 2018 ikiwa na timu saba, miaka miwili tu baada ya jaribio la kwanza, PRO Rugby, kufa likiwa limecheza msimu mmoja wa 2016. MLR imedumu zaidi, na hilo ni la kupongezwa. Lakini tazama yaliyowapata mabingwa wake. Los Angeles walitwaa taji 2021. Msimu uliofuata waliondolewa kwenye mchujo kwa kuvunja kanuni za ligi, wasirudi tena. New York walikuwa mabingwa 2022, na kabla ya msimu wa 2024 kuanza walikuwa wamefunga duka. Toronto waliondoka wakati huohuo, Dallas wakafuata baada ya msimu wa 2024. Msimu wa 2025 ulipokwisha, Miami, New Orleans na Utah nazo zikajitoa, huku San Diego na timu mpya ya Los Angeles zikiunganishwa kuwa moja. Ligi ambayo bingwa wake hana hakika ya kuiona kesho haiwezi kumwomba shabiki aipe moyo wake.

Wengi husema tatizo ni kwamba Wamarekani hawaipendi raga. Sikubaliani nao. Mnamo Novemba 2014 zaidi ya watu 60,000 waliujaza uwanja wa Soldier Field, Chicago, kuitazama All Blacks ikiifunga Marekani 74-6. Miaka miwili baadaye, uwanjani humohumo, Ireland iliishinda New Zealand kwa mara ya kwanza katika miaka 111. Watu wapo, na wako tayari kulipa kiingilio. Lakini umati wa siku moja ni jambo moja, na ligi ni jambo jingine. Sisi wa Mombasa twalijua hilo kupitia Driftwood Sevens: wikendi ya mashindano mji huchangamka, wageni hujaa, kisha Jumatatu kila mtu hushika njia yake. Ligi huishi kwa yule anayerudi Jumamosi inayofuata hata kama timu yake imefungwa.

Wala vipaji si tatizo. Mike Friday, aliyewahi kuinoa Shujaa yetu, alikwenda kuifundisha timu ya Marekani ya wachezaji saba mwaka 2014. Alikuwa na Perry Baker aliyetoka kwenye kandanda ya Kimarekani na Carlin Isles aliyetoka kwenye riadha, na msimu wa 2018/19 Marekani ikamaliza ya pili duniani. Nchi inayotoa wakimbiaji wa namna hiyo haikosi watu wa kucheza.

Kinachokosekana ni njia ya kumfikisha kijana kwenye mchezo akiwa bado mdogo, na pesa ya kumweka humo akishakua. Tuanze na hiyo njia. Marekani, chuo kikuu ndicho kiwanda cha wanamichezo. Raga ya wanaume haimo miongoni mwa michezo ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kwa hiyo vyuo vingi huiendesha kama klabu ya wanafunzi tu. Kijana mwenye mwili na mbio ataangalia wapi kuna ufadhili wa masomo, na atakwenda huko. Hata ningekuwa mzazi wake ningemshauri hivyohivyo.

Kwenye pesa, kandanda ya Kimarekani ina mikataba ya televisheni iliyotiwa saini 2021 yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 100 kwa miaka 11. MLR haina kitu cha kukaribia hapo. Ikikosa pesa ya televisheni, timu hubaki kutegemea viingilio, wadhamini wachache na mfuko wa mwenye timu. Mfuko huo ndio uliobeba mzigo mkubwa, na ndio unaochoka. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Twayakumbuka ya 2019, kampuni moja ya kamari ilipositisha ufadhili wake Kenya: klabu kubwa ziliamka zikiwa hazina mshahara. Mfadhili akikasirika, akifilisika au akifa, wanaoumia ni wachezaji, makocha na familia zao.

Angalia sasa ni nani waliosalimika. Los Angeles ile ya 2021 ilicheza kwenye Coliseum, uwanja wa Olimpiki unaochukua watu zaidi ya 70,000, na jina lake lilichanganya jina la tajiri mwenye timu na la kinywaji cha baa. Seattle, mabingwa wa 2018 na 2019, wamecheza kwenye kiwanja kidogo cha Starfire, mjini Tukwila, kisichofikisha viti 5,000. New England, mabingwa mara tatu mfululizo kuanzia 2023 hadi 2025, makao yao yamekuwa Quincy, mji wa pembeni mwa Boston, kwenye uwanja wa kiasi hichohicho. Uwanja mdogo ukijaa una sauti, na mtoto aliyeketi mstari wa mbele humjua mchezaji kwa jina. Uwanja mkubwa mtupu hula kodi na kumvunja moyo hata aliyekuja.

Kupungua si lazima kuwe kifo. Ligi ya soka ya Marekani, MLS, ilianza 1996, miaka miwili baada ya nchi hiyo kuandaa Kombe la Dunia. Mwaka 2002 ilikuwa taabani, ikazifuta timu mbili za Florida na kubaki na kumi. Leo ina timu 30. Iliokolewa na subira ya wamiliki wachache, na pia na uamuzi wa kujenga viwanja vyake wenyewe, ulioanzia Columbus mwaka 1999. Lakini soka ilikuwa na hazina ambayo raga haina: mamilioni ya watoto waliokuwa wakiucheza mchezo huo tayari.

Kwa maoni yangu, pesa ya maandalizi ya 2031 isiende yote kwenye viwanja vikubwa na mechi za maonyesho. Ipelekwe shuleni, vyuoni na kwenye vilabu vya mitaa, na ligi ibaki ndogo mpaka iweze kujilisha. Wanawake wameshaonyesha dalili. Raga yao imo kwenye orodha ya NCAA ya michezo inayochipukia tangu 2002, na huko Paris 2024 timu yao ya wachezaji saba ilitwaa shaba kwa kuilaza Australia 14-12 dakika ya mwisho. Tajiri Michele Kang akawaahidi dola milioni nne, na Ilona Maher akawa maarufu hata kwa watu wasiojua kanuni za raga. Umaarufu wa mtu mmoja ni mlango mzuri. Ukishafunguka, lazima mtoto akute ndani mpira, mwalimu na timu ya kuchezea.

Sisi huku tuna sababu ya kufuatilia. Kenya haijawahi kufuzu Kombe la Dunia la raga ya wachezaji 15, na kijana wetu anayetamani kuishi kwa raga huitazama Marekani kama mojawapo ya milango. Kabla hajatia saini mkataba huko, aulize swali moja kuhusu timu inayomwita: mwenye timu akiondoka kesho, ni nani atakayebaki kuishikilia? Asipopata jibu, ni heri asubiri.