Msimu Ukikaribia Kuisha Iten, Waambieni Vijana Mapema

Hapa Pioneer tunawajua vijana wanaodandia matatu alfajiri kwenda Iten kuwawekea kasi wakimbiaji kutoka Ulaya. Januari na Februari kazi ni tele. Machi ikiyoyoma, wageni huondoka mmoja mmoja, Boston na London zinawasubiri Aprili, na mvua nayo inanukia. Kijana anafika na raba zake, anaambiwa tu, "Leo hakuna." Nauli imeenda! Sasa nani atajituma kilomita 30 kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, na kesho yake haijulikani? Wenye kambi, tarehe za wageni kuondoka mnazo. Zitumeni WhatsApp kila Jumapili jioni. Na wanaobaki hadi wiki ya mwisho waongezwe posho, walipwe siku hiyo hiyo, si "tutaonana msimu ujao."