Lwiro: kuta zinasimama, lakini nani atalipa kazi ya ndani?

Karibu kilometa 45 kaskazini mwa Bukavu kunasimama moja ya majengo makubwa ambayo Leta ya wakoloni iliacha Kivu. Lilichorwa kwa kutegemea mfuko ambao leo haupo tena. Tangu vita vya Februari 2025, swali la zamani limerudi: jengo la umma linalindwa na nani wakati wakubwa wanabadilika?

Mtu anayetoka Bukavu kwa barabara ya Goma anapita Miti na Kavumu. Kabla ya kufika Katana, anakata kushoto na kupanda kuelekea milima ya Kahuzi. Huko njo Lwiro, katika wilaya ya Kabare. Vijana wengi wanaijua kwa ajili ya sokomutu. Wazee wanaijua kwa jina lingine: IRSAC, Taasisi ya Utafiti wa Kisayansi katika Afrika ya Kati.

Taasisi hiyo iliundwa na Ubelgiji mwaka 1947, wakati Bukavu bado inaitwa Costermansville. Mkurugenzi wake, Louis van den Berghe, alikuwa daktari wa magonjwa ya nchi za joto kutoka Antwerp. Makao makuu yaliwekwa Lwiro. Matawi yakafunguliwa Uvira kwa ajili ya ziwa Tanganyika, Astrida (leo Butare, Rwanda) kwa ajili ya mambo ya watu na desturi, Elisabethville (leo Lubumbashi), na Mabali katika Équateur.

Kwa nini Kabare? Hali ya hewa ilikuwa nzuri kwa wazungu, na msitu wa mlima, maziwa na volkano vyote viko karibu. Lakini kuna sababu nyingine. Tangu 1928 Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, ilikuwa na mamlaka makubwa ya kugawa ardhi, na sehemu hii ya Kivu ilikwisha kujaa mashamba ya kahawa, chai na kinini. Pale Mulungu, si mbali na Lwiro, kulikuwa tayari na kituo cha utafiti wa kilimo. Sayansi ilifuata njia ambayo mashamba yalikwisha kufungua.

Mchoro wa kisasa chini ya vigae

Mchoraji wa majengo alikuwa Charles Van Nueten, Mbelgiji. Kwao alijulikana kati ya wachoraji wa ile shule ya kisasa iliyopenda kuta nyeupe, mistari iliyonyooka na nyumba zisizo na mapambo. Wakaaji wa Bukavu wanajua sura ya usasa ule: wanaiona kila siku katika majengo ya zamani ya barabara Lumumba, yale yenye kona za mviringo.

Lwiro haifanani nayo sana. Paa zina mteremko, kuna barza zenye matao, kuna ua wa ndani wenye bustani. Mgeni anaweza kufikiri ni nyumba ya watawa au kasri. Lakini sura hiyo ina maana yake. Mahali ambapo mvua inanyesha miezi tisa ya mwaka, paa la mteremko linatoa maji haraka, na barza inaruhusu mtu kutoka maabara hadi maktaba bila kulowa.

Usasa wenyewe uko katika mpango. Lwiro ilijengwa kama mji mdogo wenye kazi moja. Maabara, maktaba na mabiro vilipewa sehemu zao. Kandokando kukawekwa nyumba za watafiti, nyumba ya wageni, makazi ya wafanyakazi na hospitali. Mtafiti aliyefika kutoka Ulaya ao Marekani alikuta kila kitu. James Chapin, mtaalamu Mmarekani wa ndege za Kongo, aliishi pale miaka kadhaa katika miaka ya 1950.

Mpango huo ulibeba pia sheria ya wakati ule. Mzungu aliandika kitabu, mtu mweusi alibeba mizigo, alikamata wadudu, alifagia maabara. Jengo lilionyesha kila mtu mahali pake. Na kuna jambo moja ambalo mchoro haukujibu: siku ambayo pesa ya Brussels itakatika, nani atalipa umeme, vigae na mishahara?

Kazi iliyofika mpaka sahani ya muhogo

Mtu anaweza kuuliza: jengo kama hili lilimsaidia nini mkulima wa Kabare ao Kalehe? Jibu liko, na ni la maana.

Kwanza, chakula. Lwiro ilifanya kazi kwa miaka mingi juu ya bwaki, ugonjwa wa watoto wanaokosa chakula cha kujenga mwili, pamoja na madaktari wa chuo kikuu cha Brussels. Halafu kuna rovu, ule uvimbe wa koo. Kwenye kisiwa cha Idjwi watafiti walikuta kitu cha ajabu: iodini ilikuwa haba kisiwani kote, lakini rovu ilikuwa nyingi sana kaskazini na kidogo kusini magharibi. Tofauti ilikuwa katika chakula. Walikosikia rovu zaidi njo walikokula muhogo zaidi, na ndani ya muhogo kuna sumu ambayo mwili ukiibadilisha inazuia iodini kufanya kazi yake. Matokeo yalitangazwa mwaka 1971. Leo mashauri ya kuloweka muhogo vizuri na kutumia chumvi yenye iodini yanatolewa katika nchi nyingi, na Idjwi ina sehemu katika elimu hiyo.

Pili, ardhi yenyewe. Kivu iko juu ya bonde la ufa, ambapo Afrika inapasuka polepole. Katika miaka ya 1950 IRSAC iliweka mashine za kupima matetemeko Lwiro, Uvira, Astrida na Rumangabo. Wakaaji wanajua kwamba si mchezo. Tarehe 24 Oktoba 2002 tetemeko la kipimo cha 6,2 lilipiga upande wa Kalehe. Tarehe 3 Februari 2008 lingine, la 5,9, lilipasua nyumba Bukavu na kuua watu huku na ng'ambo ya Ruzizi. Hakuna mashine inayoweza kusema tetemeko litapiga siku gani. Lakini kumbukumbu za miaka mingi zinaonyesha wapi ardhi inacheza zaidi, na kwa hiyo wapi shule ao hospitali inapashwa kujengwa kwa chuma na saruji ya kutosha.

Goma imetoa fundisho

Baada ya uhuru taasisi ilibadilika jina na mwenyeji. Leo makao ya Lwiro ni CRSN, Kituo cha Utafiti katika Sayansi za Asili, chini ya wizara ya utafiti ya Kinshasa. Tawi la Uvira limekuwa kituo cha utafiti wa maji, CRH. Kituo cha volkano cha Goma, OVG, nacho kilizaliwa kutoka kazi ya Lwiro, katika miaka ya 1980.

Yaliyopata OVG yanafaa kukumbukwa. Mwaka 2020 msaada uliopita kwa Benki ya Dunia ulikwisha bila kuendelezwa. Kwa miezi mingi kituo kilikosa hata intaneti ya kupokea habari za mashine zake. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka, na watu wa Goma wakakimbia bila tangazo la mbele. Hakuna anayeweza kuapa kwamba intaneti ingewaonya, kwa sababu mlipuko ule ulitoa dalili chache. Lakini kila mtu aliona: jengo lilikuwepo, wataalamu walikuwepo, na kilichokosekana ni pesa ndogo ya kila mwezi.

Lwiro inaishi katika hali hiyo hiyo tangu zamani. Mwaka 1994 kambi za wakimbizi zilijaa upande wa Kavumu: Kashusha, INERA, Adi-Kivu. Mwaka 1996 vita vikapita katika barabara hiyo, kisha vya 1998. Watafiti wamelalamika mara nyingi juu ya mishahara isiyotosha mtu kuishi. Kama milango haikufungwa, ni kwa sababu watu waliendelea kuja kazini.

Sehemu moja tu ndiyo iliyopata mfuko wa uhakika kidogo. Mwaka 2002 CRSN na ICCN zilifungua pale kituo cha kulea sokwe walionyang'anywa wawindaji, na leo kinatunza zaidi ya mia moja kwa misaada ya mashirika ya nje. Ni kazi nzuri, na imeajiri watu wa vijiji. Lakini inaonyesha pia udhaifu: mnyama ana sura, mfadhili anaguswa na picha yake. Daftari la matetemeko halina sura.

Tangu Februari 2025

Tarehe 14 Februari 2025 AFC/M23 ilikamata uwanja wa ndege wa Kavumu, chini tu ya Lwiro. Siku mbili baadaye Bukavu ilikuwa mikononi mwake. Uongozi wa jimbo uliowekwa na Kinshasa ulihamia Uvira. Mabenki ya Goma na Bukavu yalifungwa, na mtumishi wa Leta akajikuta na wakubwa wa pande mbili na mshahara mgumu kupata.

Katika hali kama hiyo, mali ya umma inakuwa mali ya anayefika. Bukavu inajua habari hiyo vizuri: parseli na nyumba za Leta zimeuzwa chini ya tawala mbalimbali. Sheria si kwamba haiko. Ile ya 1973 juu ya ardhi na ile ya 1971 juu ya ulinzi wa mali za utamaduni ziko. Linalokosekana ni mtu wa kuzisimamia wakati biro ya kusimamia imebadilika mkono.

Kwa hiyo, kabla ya kulilia vigae vya Lwiro, inafaa kupanga yaliyo ya lazima. Ukuta ukianguka unaweza kujengwa tena. Karatasi za kipimo cha 1955 zikichomwa kupikia, hakuna anayeweza kurudi 1955 kupima. Mambo matatu hayahitaji mfuko wa Brussels wala yasingoje amani kamili: kupiga picha na kunakili kumbukumbu za Lwiro na Uvira na kuweka nakala mahali zaidi ya pamoja, kupata pesa ndogo ya kila mwezi kwa mashine chache zinazofanya kazi, na vyuo vikuu vya Bukavu kupeleka wanafunzi wao kusoma kazi hiyo kabla wazee wanaoijua hawajaondoka.

Pande zote za vita zinaweza kuombwa jambo moja bila kuulizwa siasa zao: jengo la sayansi lisifanywe kambi wala ghala. Ardhi ya Kivu haiulizi nani anatawala siku inapotikisika.