Pikapu si goti, acha kuipaka mafuta

Ukifika Marikiti alfajiri utaziona zimepangana: Hilux, Hardbody na Isuzu za zamani, zimebeba vitunguu na kabeji hadi springi zimelala. Injini bado zina nguvu. Bodi imegongwa hapa na pale, ikanyooshwa. Lakini kinachokwambia umri wa gari kabla hata hujasoma namba ya usajili ni zile plastiki nyeusi: bampa, grili, vitasa vya milango, makasha ya vioo vya pembeni na ile mikanda ya juu ya magurudumu. Zilitoka kiwandani nyeusi tititi. Sasa ni kijivu, nyingine nyeupe kabisa, kama magoti ya mtoto aliyesahauliwa kupakwa mafuta.

Na dawa yetu ni ileile ya magoti. Silikoni ya kung'arisha ikiwa una pesa kidogo, mafuta ya kupikia ikiwa huna, na wengine, sijui ni nani aliwafunza, dizeli. Gari linang'aa Jumapili, Jumatano mvua inanyesha, Alhamisi kijivu kimerudi. Mimi nasema huu mchezo tuachane nao, hasa wewe ambaye hiyo pikapu ya mwaka 2005 ndiyo ofisi yako.

Hebu tuangalie kinachotokea. Nyingi ya plastiki hizi ni polipropilini, jamii moja na ndoo na viti vya plastiki. Kiwandani huchanganywa na masizi laini, ambayo huipa weusi na pia kuikinga na jua. Sasa miale ya altravioleti hukatakata minyororo ya plastiki juu juu. Ngozi ya nje inakuwa unga unga na kujaa vijishimo, mwanga ukiipiga unatawanyika, na jicho linaona kijivu. Weusi wenyewe haujaenda mbali, uko chini ya huo unga. Na hapa Nairobi tunachomwa vizuri tu: tuko jirani na ikweta, karibu mita 1,800 juu ya bahari, na miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Baridi ya Julai isikudanganye.

Mafuta yanajaza vile vijishimo kwa muda, basi. Hayajarekebisha chochote, na vumbi linanasa juu yake. Dizeli ndiyo mbaya zaidi: ikifika kwenye mpira wa mlango au wa dirisha, mpira unainyonya na kuvimba, na siku moja utashangaa maji yanaingia ndani ukidhani ni paa.

Piga hesabu pia. Tuseme kila wiki unaongeza shilingi 100 ili wakupakie hiyo ya kung'arisha. Kwa mwaka ni 5,200, na Desemba bampa ni kijivu vilevile.

Najua kuna mzee atakwambia gari ni injini, hizo zingine ni urembo. Nusu ya maneno yake ni kweli. Breki zikilia, peleka pesa kwa breki kwanza, hapo hatubishani. Lakini wewe unayehamisha watu nyumba unamjua mteja: anazunguka gari, anatazama, ndipo anataja bei. Gari lililochoka linapewa bei ya kuchoka, hata kama injini ni fiti.

Kinachoniuma zaidi ni upande wa kununua. Plastiki zikififia pamoja, zinasimulia maisha ya gari. Pikapu ya miaka 15 ikiwa na bampa jeusi tititi na plastiki nyingine zote kijivu, hilo bampa lilibadilishwa, na una haki ya kuuliza lile la kwanza lilienda wapi. Muuzaji akizipaka zote silikoni, hadithi imefutika, na wewe unatoa akiba yako yote, pengine na mkopo wa chama cha mama yako juu, kununua gari lililowahi kulala kwa mtaro. Kwa hivyo ukienda kuangalia gari, iwe ni Ngong Road au kwa mtu binafsi, beba kitambaa cheupe na maji ya sabuni. Sugua kona ya kila plastiki. Utelezi ukitoka na kijivu kikachungulia, umejua. Muuzaji akinuna, umejua zaidi.

Kurudisha weusi kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja, na sehemu kubwa ni kuosha. Sabuni kali, brashi, sugua hadi mafuta yote ya miaka yatoke. Maji yakiendelea kujikusanya matone juu ya plastiki, bado kuna mafuta, rudia. Acha ikauke kabisa. Panguza kwa alkoholi ya isopropili. Zungushia tepu ya karatasi, ile ya mafundi wa rangi, ili bodi isichafuke. Kisha paka dawa ya kurudisha weusi, ile inayoingia na kukauka ikawa ngumu, wala si ile inayobaki na utelezi. Paka kidogo kidogo, kivulini, kwa sababu plastiki ikiwa moto dawa inakauka kwa mabaka. Maduka ya Kirinyaga Road, Grogan kwa wenyeji, ni mahali pazuri pa kuanza kuulizia. Soma kopo, usisikize muuzaji peke yake.

Kuhusu zile video za jamaa anayepuliza hewa moto na weusi unarudi kama uchawi: ni kweli unarudi, ngozi ya juu inayeyuka na kulainika. Lakini polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi, na zile mashine hupita 500. Zubaa kidogo na bampa limepinda, rangi ya bodi imetoka malengelenge. Rangi ya kopo ya kawaida nayo haishiki plastiki hii bila praima yake maalum. Itabanduka kama ngozi ya kitunguu.

Na nyinyi vijana mnaoosha magari, hii ni kazi yenu kabla wenye maduka ya vioo hawajaichukua. Haihitaji digrii, inahitaji subira. Mteja akisita, ziba bampa katikati kwa tepu, fanya upande mmoja, kisha mwite aone. Itisheni bei ya asubuhi nzima, si ya mia juu ya kuosha. Na mkimaliza, nta ya kung'arisha bodi isiguse hizo plastiki, maana ikikauka inaacha mabaka meupe, na mteja atarudi akidhani mlimuuzia mafuta.