Anzeni na duara, si na macho
Wanaojifunza kumchora Mickey Mouse wengi huanza na macho, kisha kichwa kinakosa pa kukaa. Mickey wa 1928, kazi ya Walt Disney na Ub Iwerks, amejengwa kwa maduara: kichwa, masikio, tumbo. Chora kwanza duara la kichwa kwa penseli, bila kukandamiza, upitishe mstari uliopinda kufuata anakotazama, ndipo uweke pua. Masikio hubaki mviringo hata akigeuka upande, na hapo ndipo wengi hukwama! Tafadhali msifuatishe mistari ya picha iliyo chini ya karatasi. Kadirieni kwa jicho. Walimu nanyi, waacheni watoto wachore katuni darasani.