Tairi la Mjini na Mteremko wa Kipkelion

Gari linapokupeleka kazini kila asubuhi na kukurudisha jioni salama, ni rahisi kuamini kwamba matairi yake yangali mazima. Katika msongamano wa magari wa Nairobi, ambapo dereva huweza kukaa nusu saa bila kutia gia ya tatu, hata tairi lililokwisha huonekana kama linatosha. Lakini likizo ikifika utapakia watoto, sukari na mikate ya nyanya, kisha uelekee mashambani. Huko ndiko tairi litakakopimwa.

Chukua mfano wa safari ya Kipkelion, katika kaunti ya Kericho. Ukitoka Nakuru unapanda hadi Mau Summit, unaiacha barabara ya Eldoret na kushika ya Kericho. Ukifika maeneo ya Londiani uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Anayeshuka kupitia Fort Ternan hadi Muhoroni hufika penye mita kama 1,300 hivi. Mteremko huo wote ni wa breki na matairi. Isitoshe, hii ni nchi ya majani chai, na majani chai hayapendi ukame. Mvua hunyesha karibu kila mwezi, aghalabu alasiri, na mara kwa mara huja na mawe.

Barabara hizi zimetuliza wengi. Tarehe 10 Oktoba 2018, basi lilipinduka alfajiri karibu na Fort Ternan na watu zaidi ya 50 wakafariki. Tarehe 30 Juni 2023, lori liliwavamia wasafiri na wachuuzi kwenye makutano ya Londiani, na huko pia wakafa zaidi ya 50. Sisemi kwamba matairi ndiyo yaliyoleta maafa hayo. Nasema tu kwamba miteremko hii haina huruma kwa gari lenye kasoro, na kasoro ya tairi ni ile unayoweza kuiona mwenyewe kabla ya kuondoka nyumbani.

Wapo wanaojivunia breki mpya huku matairi yana kipara. Wakumbuke kwamba breki hulishika gurudumu tu. Linaloishika barabara ni tairi. Ile mitaro unayoiona imechorwa ili maji yapate pa kupitia. Mitaro ikiisha, maji hukwama kati ya mpira na lami, gari likaelea juu yake kama mtumbwi. Hapo ukikanyaga breki au ukizungusha usukani, gari halikusikii.

Basi utajuaje kwamba tairi limekwisha? Mwite mtoto aje na rula yake ya shule. Tairi jipya la gari dogo huwa na mitaro yenye kina cha milimita 7 au 8. Ndani ya mitaro hiyo mna vituta vidogo vya mpira. Meno ya tairi yakilingana na vituta hivyo, kina kilichobaki ni milimita 1.6. Hicho ndicho kiwango cha mwisho kisheria katika nchi nyingi, Uingereza ikiwemo. Lakini wataalamu wengi hushauri kwamba penye mvua nyingi usingoje kufika hapo: badilisha kwenye milimita 3. Kwa mwendo wa sokoni na kurudi waweza kubishana nao. Kwa mteremko wa Fort Ternan mvua ikinyesha, usibishane.

Pima sehemu tatu: kando zote mbili na katikati. Tairi likiliwa katikati, upepo umekuwa mwingi mno. Likiliwa kando zote mbili, upepo umekuwa haba. Likiliwa upande mmoja tu, magurudumu hayajanyooka, na ukinunua tairi jipya kabla fundi hajayanyoosha, nalo litaliwa vivyo hivyo.

Kisha tazama ubavuni. Uvimbe kama jipu maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Tairi hilo liondoe leo, hata kama meno yake ni marefu. Pancha ya ubavuni nayo haizibiki kwa usalama, fundi akuahidi lolote.

Umri pia huhesabiwa, kwa kuwa mpira huzeeka hata gari likilala tu. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, utaona tarakimu nne. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Baada ya miaka 5 lichunguzwe kila mwaka. Likifika miaka 10 liage barabara, liwe na meno au lisiwe nayo. Ukiuziwa tairi la mtumba, soma tarakimu hizo kabla ya kutoa pesa. Na jihadhari na tairi kuukuu lililochongwa mitaro upya kwa kisu: mtaro umeongezwa, lakini mpira umepunguzwa.

Najua utasema Januari ni ya karo na pesa hazitoshi matairi manne. Nunua mawili basi, na uyafunge nyuma. Wengi huyafunga mbele, lakini gari likiteleza nyuma huzunguka, na ni madereva wachache wanaoweza kulirudisha. Usilisahau la akiba. Lisilo na upepo ni mzigo tu.

Nawe mwanafunzi usiye na gari, haya yanakuhusu pia. Kabla ya kupanda matatu ya kwenda nyumbani, inama uangalie matairi. Ukiona yamekuwa laini kama sahani, ngoja gari jingine. Utachelewa, lakini utafika.

Tairi lililokwisha halikosi kazi. Mafundi wetu wa akala wamelivalisha taifa hili miguuni kwa miaka mingi kwa matairi ya namna hiyo. Mpelekee fundi hilo lako kabla hujawapakia watoto ndani ya gari.

Safari njema.