Wacha Kuchoma Bando, Seva Unayo Tayari

Wasee, kuna kitu kinanikera. Mtu akibadilisha rangi ya kitufe kimoja tu, anapandisha saiti yote mtandaoni ndio aone kama imekaa poa. Akikosea, anapandisha tena. Bando la mkopo linaishia kwa vitufe! Na huku kwetu Litein, mvua ya mchana ikianza, netiweki nayo inaenda kujikinga.

Hata mimi nilikuwa hivyo. Niliacha chuo mwaka wa pili sababu ya karo, nikarudi nyumbani na lapi ya mtumba. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa wa mathe: unajumlisha kilo za majani chai anazopeleka kituoni, ndio siku ya malipo asihesabu kwa vidole. Kilo niliziweka kwa faili ya JSON. Nikabofya index.html mara mbili, ikafunguka tupu. Siku mbili nzima. Nikaanza kuamini wale waliosema nimeacha chuo pamoja na akili.

Kumbe msimbo ulikuwa sawa. Anwani ikianza na file://, brauza kama Chrome inazuia ukurasa usisome faili ingine kwa fetch, kwa usalama wako. Inataka http://. Kama una Python, ingia kwa folda ya mradi, andika `python3 -m http.server`, halafu fungua localhost:8000. Basi. Haili bando, kwa sababu faili zako hazitoki nje ya lapi.

Unataka kuona kwa simu? Zima data, washa hotspoti, unganisha lapi, kisha kwa simu andika IP ya lapi na :8000 mwishoni. Mathe aliona kilo zake hivyo, jikoni, stima ikiwa imepotea. Akagundua kuna Jumanne moja sikuandika.

Sasa hapa ndio nagombana na wanaofundisha hii amri kwa video fupi. Wanaishia hapo tu, hawakuambii kwamba seva hiyo kawaida inasikiliza kila mtandao ulioungana nao. Iwashe ukiwa kwa folda yenye kila kitu chako, kwenye waifai ya saiba, na jamaa wa meza ya pili anaweza kufungua picha ya kitambulisho chako. Ukiwa huhitaji simu, ongeza `--bind 127.0.0.1`. Hata wenye Python wenyewe wameandika kwamba si ya kuwekea saiti halisi. Ukimaliza, Ctrl+C.

Risiti ya ile Jumanne bado naitafuta.